Modeli ya ajali ya kinu cha muunganiko ikikupa jibu usiloliamini: dalili, vyanzo na tiba

Aliyenifundisha kazi hii hakuanza kwa kutazama grafu. Siku niliyompelekea modeli yangu ya kwanza, ya bomba la kupozea linalopasuka ndani ya chombo cha ombwe, shinikizo lilikuwa linapanda vizuri kisha linatulia chini ya kikomo. Akauliza jambo moja tu: "Kijana, umemwaga tani ngapi za maji, na sasa hivi yako wapi?"

Tukajumlisha maji ya kila chumba cha modeli, yeye akisoma, mimi nikiandika. Tani mbili hazikuwepo. Nilikuwa nimeacha njia moja ya mtiririko ikielekea kwenye chumba kinachowakilisha hewa ya nje, chumba kikubwa kiasi kwamba ukikimwagia chochote shinikizo lake halitikisiki. Mvuke ulikuwa unatorokea huko. Grafu ilikuwa nzuri kwa sababu modeli ilikuwa inavuja.

Tangu siku hiyo programu inayokufa katikati ya hesabu hainitishi, kwa kuwa inakulazimisha uitazame. Inayonitisha ni ile inayomaliza salama na kukupa jibu la kupendeza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika uigaji wa ajali za kinu, mali yenyewe ni kilo za maji, gramu za tritiamu (hidrojeni nururifu, mafuta ya kinu), jouli za joto na kilo za vumbi. Dalili zote zilizo hapa chini ninazishughulikia hivyo: kwanza natafuta kilichopotea kwenye daftari, ndipo nashika faili la modeli.

Tunachokiogopa hasa

Mifano mingi nimeitoa ITER, kinu kinachojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, kwa sababu namba zake nyingi ziko hadharani. Kimesanifiwa kutoa megawati 500 za muunganiko kwa kupashwa joto kwa megawati 50. Kinu cha aina hii huunganisha viini vyepesi badala ya kupasua vizito, kwa hiyo hakina mnyororo wa mipasuko unaoweza kuponyoka. Ndani ya plazma, yaani gesi yenye moto mkali ambamo muunganiko hutokea, kwa wakati wowote ule, mafuta hayafiki hata gramu moja, na hitilafu kidogo tu inaizima.

Kwa hiyo anayeiga ajali haigi mlipuko wa kiini. Anaiga vitu vinavyoweza kusafiri na nguvu zinazoweza kuvisukuma. Vinavyosafiri ni tritiamu, vumbi la ukuta lililoshapigwa na nyutroni, na kutu nururifu iliyo ndani ya maji ya kupozea. Vinavyosukuma ni mvuke, hidrojeni inayoweza kuwaka, joto linaloendelea kutoka kwenye metali nururifu baada ya kuzima, na nishati ya sumaku, ambayo kwenye koili kuu za ITER peke yake ni gigajouli 41. Kikomo cha tritiamu ndani ya chombo ni kilo 1, cha vumbi ni kilo 1,000. Ziandike namba hizi kwenye karatasi na uibandike karibu na skrini. Utazihitaji.

Dalili: programu inakufa sekunde chache baada ya bomba kupasuka

Hii ndiyo ya kwanza kumkuta kila anayeanza. Programu zinazotumika sana kwa ajali, kama MELCOR ya maabara ya Sandia nchini Marekani, ziliandikwa kwa ajili ya vinu vya kupasua viini. Huko hakuna anayemwaga maji ya moto ndani ya ombwe. Kwenye tokamaki, kinu cha muunganiko cha aina ya ITER, maji yenye shinikizo la megapaskali 4 yanaingia mahali ambapo hakuna hewa kabisa. Sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na kwa kuwa mvuke huo umechukua joto lake kwenye maji yaliyobaki, maji hayo yanapoa kwa kasi, hata kufikia kuganda. Programu isiyojua barafu inasimama hapo.

Ndiyo maana maabara ya Idaho iliitengenezea muunganiko toleo lake la MELCOR: likaongezwa kuganda kwa maji, hewa kugandia kwenye nyuso baridi kupindukia za mfumo wa sumaku, na kuoksidika kwa berili, tungsteni na kaboni. Toleo la 1.8.2 lenye marekebisho hayo ndilo lililotumika kwa ripoti ya usalama ya awali ya ITER. Kama unatumia toleo la kawaida kwa tokamaki, chanzo cha tatizo lako ni hicho, usikitafute mbali.

Kama toleo ni sahihi na bado inakufa, angalia ukubwa wa vyumba vya hesabu karibu na tundu. Chumba kidogo sana kinachopokea mtiririko mkubwa hujaa na kumwagika ndani ya hatua moja ya muda, na programu hukata hatua hiyo vipande vipande hadi ishindwe kuendelea. Unganisha vyumba vidogo. Anza na paskali chache badala ya ombwe kamili; mvuke utazizidi mara maelfu kabla sekunde chache hazijaisha, kwa hiyo hujadanganya chochote. Lakini usipunguze tundu ili hesabu ipite. Nimeliona hilo likifanyika, na aliyelifanya alikuwa ameshabadilisha ajali yenyewe bila kuandika popote.

Dalili: hesabu inamaliza, lakini shinikizo haliingii akilini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu swali kubwa la ajali ya maji kuingia ndani ni hili: je, chombo kitastahimili?

Chombo cha ITER kina ujazo wa mita za ujazo 1,400 hivi, na kimesanifiwa kwa shinikizo la ndani la megapaskali 0.2. Kabla ya kuamini grafu, piga hesabu ya mvuke kwa mkono. Kwa joto la nyuzi 120, ambalo ndilo joto la kuchemka kwa shinikizo hilo, kuujaza ujazo huo kunahitaji moli 86,000 hivi za mvuke, yaani karibu tani moja na nusu. Kumbe tani moja na nusu tu ya mvuke inatosha kufikia kikomo, wakati mfumo wa kupozea una maji mengi zaidi ya hapo.

Sasa geukia joto. Kugeuza tani moja na nusu ya maji kuwa mvuke kunataka gigajouli 3.5 hivi. Zinatoka wapi? Plazma ya megawati 500 ingelazimika kuwaka sekunde 7 nzima na joto lake lote liingie kwenye maji, na haiwezi, kwa sababu maji yenyewe yanaizima. Maji yanayoingia kwenye ITER yana nyuzi 70 tu, na kwa joto hilo mvuke wake hausukumi zaidi ya kilopaskali 31. Kinachobaki ni metali ya ndani. Tani 70 za chuma cha pua zikipoa nyuzi 100 zinatoa gigajouli 3.5 hizo hizo, na blanketi la ITER, yaani ukuta mnene unaoizunguka plazma, lina moduli 440, kila moja ikiwa na uzito wa tani kadhaa. Joto lipo, tena tele. Linaloamua shinikizo ni kasi ya joto hilo kuhamia kwenye maji.

Kwa hiyo shinikizo likitoka juu kupita kiasi, chunguza eneo la mgusano. Watu wengi huweka ukuta wote wa ndani kama uso unaonyeshewa maji, wakati kwa hakika maji yanamwagikia upande mmoja, yanatelemka na kutuama chini kwenye daiveta, sehemu ya chini ya chombo. Likitoka chini mno, fanya kama mimi siku ile: jumlisha maji. Kama yote yapo, angalia dimbwi la chini. Modeli nyingi huwa na dimbwi tulivu lenye uso mdogo wa kuvukiza, ilhali maji yanayorushwa na mvuke unaofoka kwa kasi hugawanyika kuwa matone yenye uso mkubwa mno. Angalia pia mfumo wa kupunguza shinikizo: diski za kupasuka zinafunguka kwa shinikizo gani kwenye faili lako, na matangi ya kupozea mvuke yana maji ya joto gani. Nimewahi kukuta tangi lililoandikwa nyuzi 300 badala ya kelvini 300.

Ukitaka kujua kama mbinu yako ya kuhamisha joto inaaminika, majaribio yapo. Japani ilijenga huko Naka mtambo mdogo uitwao ICE, uliomwaga maji ya moto ndani ya vyombo vya ombwe vilivyopangwa kwa mfano wa ITER, na programu nyingi za ajali zimepimwa kwa data zake. Iga jaribio hilo kwanza, kwa vigezo vile vile utakavyotumia kwenye kinu. Kama kwa ICE unalazimika kukuza eneo la mgusano ili ulingane, basi usilipunguze kimyakimya ukifika kwenye kinu.

Dalili: plazma haizimi, au inazima kwa wakati unaokufaa mno

Programu za ajali hazijui fizikia ya plazma. Kwao plazma ni joto uliloandika wewe, na litaendelea hadi utakapoandika sifuri. Kwa hiyo chanzo cha dalili hii karibu kila mara ni mwandishi.

Kwa bomba linalopasuka ndani ya chombo, kuzima ni haraka. Kazi iliyobaki ni mvurugiko, yaani plazma kusambaratika ghafla: mkondo wa umeme wa ITER ni ampea milioni 15, na sehemu yake ikigeuka kuwa elektroni zenye kasi kubwa zinazogonga mahali pamoja, zinaweza kutoboa mabomba mengine. Tundu la pili lazima liwe kwenye modeli.

Hatari zaidi ni bomba linalopasuka nje ya chombo. Hapo plazma haijui kitu. Inaendelea kuwaka huku ukuta ukikosa maji, hadi mfumo wa kuzima ufanye kazi. Kama umechukulia kwamba mfumo huo umeshindwa, ukuta unapanda joto hadi metali yake yenyewe iingie kwenye plazma na kuichafua, ndipo inapozima. Wakati huo bomba la ndani nalo limeshalegea kwa joto. Sasa una njia kamili: kutoka kwenye chombo chenye tritiamu na vumbi, kupitia bomba lililopasuka pande zote mbili, hadi kwenye chumba cha jengo. Aliyeandika sifuri kwenye sekunde ya tatu, bila kueleza kwa nini ya tatu, ameifuta ajali hiyo yote.

Dalili: hidrojeni ni sifuri, au ni milima

Mvuke ukigusa berili au tungsteni yenye moto, metali huchukua oksijeni na hidrojeni hubaki huru. Kabla ya kubishana na programu, weka dari. Kilo moja ya berili ikioksidika yote hutoa gramu 224 za hidrojeni, kilo ya tungsteni hutoa gramu 33 tu. Kilo 1,000 za vumbi la tungsteni, hata zikiisha zote, hazivuki kilo 33. Modeli ikikupa kilo 60 kutoka kwenye vumbi hilo, usitafute maelezo ya kisayansi. Tafuta kosa la moli, au jedwali la berili ambalo halijaondolewa.

Hilo la mwisho si la kubuni. Ukuta wa kwanza wa ITER ulipangwa kuwa wa berili kwa miaka mingi, na mwaka 2023 ndipo mradi ulipopendekeza tungsteni. Mafaili mengi ya zamani yanaendelea kuzunguka kutoka mkono hadi mkono, jina limebadilishwa, kasi ya mmenyuko imebaki ya metali ya zamani.

Ikiwa ni sifuri, tazama vumbi. Ukuta wa kwanza una eneo la mita za mraba mia sita na kitu. Vumbi la tungsteni lenye chembe za mikroni 1, kama ni duara kamili, lina mita za mraba 311 kwa kila kilo. Kilo 1,000 zina zaidi ya laki tatu, eneo la viwanja vya mpira arobaini na zaidi, limelala chini ya daiveta. Modeli inayohesabu oksidi ya ukuta peke yake haijagusa penye mmenyuko. Lakini si vumbi lote lina moto. Lililoanguka kwenye kona baridi halifanyi kitu, na kasi ya mmenyuko hupanda vikali sana na joto. Ndiyo sababu vumbi ligawanywe mafungu mawili kwenye faili, la moto na la baridi, na mgao huo uelezwe.

Kwa wasanifu wa vinu vijavyo wanaotaka blanketi la risasi na lithi linalopozwa kwa maji, kuna hidrojeni ya aina nyingine, ile ya lithi kukutana na maji bomba linapopasuka ndani ya metali ya kimiminika. Hapo MELCOR peke yake haitoshi. Kazi hiyo hufanywa na programu ya SIMMER iliyoongezewa mmenyuko huo, na data za kuipima hutoka mtambo wa LIFUS5 ulioko Brasimone, Italia.

Dalili: siku ya pili baada ya ajali, metali bado inapanda joto

Kinu cha kupasua viini kikizimwa hubaki na asilimia 6 hadi 7 ya nguvu yake dakika ile ile. Cha muunganiko hubaki na kidogo kuliko hiyo, lakini kidogo hicho kinatosha kuharibu hesabu ukikikosea. Ikipanda kupita ulivyotarajia, mtuhumiwa wa kwanza ni tungsteni-187, yenye nusu-uhai wa saa 24 hivi. Tungsteni hunasa nyutroni za kasi fulani kwa ulafi, tabaka la juu likilikinga tabaka la chini. Hesabu iliyogawa kasi za nyutroni kwa makundi mapana haiuoni ukingaji huo, na hukuza tungsteni-187 mara kadhaa.

Ikitoka chini mno, angalia ratiba ya uwashaji. ITER imesanifiwa kuwaka kwa mapigo ya dakika chache, si mfululizo. Ukiusambaza uwashaji wa mwaka mzima sawasawa, isotopu za muda mrefu hazitajali, bali tungsteni-187 na manganizi-56 ya saa mbili na nusu zitapungua sana kuliko ukweli. Mapigo ya siku za mwisho kabla ya ajali yaandikwe moja moja, kwa nguvu kamili.

Halafu ung'avu wa uso, yaani uwezo wake wa kutoa mionzi ya joto. Ndani ya ombwe joto hutoka ukuta hadi ukuta kwa mng'aro tu, na tungsteni iliyong'arishwa hung'aza kidogo sana kuliko iliyooksidika. Hewa ikishaingia, mambo mawili hubadilika pamoja: gesi inaanza kubeba joto, na juu ya nyuzi 900 hivi oksidi ya tungsteni huanza kupeperuka ikibeba unururifu. Hiyo ndiyo sababu watafiti wa Ujerumani wanatengeneza aloi za tungsteni na kromi zinazojifunika ngozi ya kinga.

Dalili: tritiamu inayotoka haifikii uliyoweka

Tritiamu ndiyo inayoifikia familia iliyo nje ya uzio, kwa hiyo sikubali iachwe na sentensi ya "mabaki ni madogo". Mkaguzi akiuliza gramu 80 ziko wapi, jibu liwe mahali, si asilimia.

Vyanzo vya kawaida ni vya ukarani. Gramu moja ya tritiamu ni bekereli trilioni 357 za unururifu. Programu moja hutoa atomi, nyingine molekuli, na kila molekuli ina atomi mbili. Tritiamu iliyopotea ikiwa nusu kamili, umeshapata jibu. Kwa modeli za miaka mingi, asilimia 5.5 hugeuka heli-3 kila mwaka, kwa kuwa nusu-uhai wake ni miaka 12.3.

Kisha vile vya kimaumbile. JET, tokamaki ya Culham nchini Uingereza iliyofanya kazi kuanzia 1983 hadi Desemba 2023, ilituachia somo lisilosahaulika. Kwenye majaribio ya mwaka 1997 ikiwa na kuta za kaboni, iliingiziwa gramu 35 hivi za tritiamu, na hata baada ya miezi ya kusafisha takriban gramu 6 ziligoma kutoka. Zilikuwa zimejibanza ndani ya matabaka ya kaboni yaliyojijenga upya kwenye kona zenye baridi, mahali ambapo modeli za wakati ule hazikuzitafuta. Kuta zilipobadilishwa kuwa za berili na tungsteni mwaka 2011, kiasi kinachobaki kilishuka zaidi ya mara kumi.

Kwa hiyo kama tritiamu haitoki, iulize metali. Nyutroni huchimba mashimo madogo ndani ya tungsteni, na mashimo hayo hunasa tritiamu. Modeli iliyopimwa kwa tungsteni mpya kabisa itadharau kiasi hicho. Kama inatoka nyingi kupitia mabomba ya moto, angalia sheria uliyotumia. Kupenya kwa tritiamu hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo pale tu uso unapokuwa wazi na shinikizo linatosha. Shinikizo likiwa dogo sana, uso ndio unaoamua na upenyaji hufuata shinikizo lenyewe. Ukitumia sheria ya kwanza mahali pa ya pili, unakuza mvujo kwa kiasi kikubwa. Programu ya TMAP8 inahesabu njia zote mbili na haina gharama kuipakua.

Mwisho wa njia, usisahau umbo. Tritiamu iliyoungana na oksijeni kuwa maji humdhuru anayeivuta mara 10,000 hivi kuliko gesi yenyewe. ITER imejiwekea kwamba hata ajali mbaya isilazimishe mtu yeyote kuhama nyumbani. Kulithibitisha hilo kwa kuchukulia gesi safi ni kumdanganya huyo mtu. Chukulia yote imegeuka maji, isipokuwa una ushahidi.

Dalili: kosa la takwimu ni dogo, ila jibu linaruka ukibadili mbegu

Hapa tumehamia kwenye nyutroni. Kila muunganiko wa deuteriamu (hidrojeni nzito) na tritiamu hutoa nyutroni yenye megaelektroni-volti 14.1, na kuzifuata moja moja kupitia mita kadhaa za chuma, maji na zege hufanywa kwa programu za bahati nasibu kama MCNP au OpenMC. Hii ya pili ni ya bure. Anayeanza akiwa Dodoma au Kisumu na kompyuta ya kawaida anaweza kuiendesha usiku huu.

Jibu likiruka kutoka mbegu hadi mbegu (namba inayoianzishia programu bahati nasibu yake) huku programu ikidai kosa la asilimia 1, kuna njia nyembamba ambayo nyutroni chache huipita, nazo zikipita zinabeba dozi yote. Pengo la sentimita mbili kati ya moduli za blanketi, tundu la kebo, kona ya bandari (mlango wa kupitishia vifaa kwenye chombo). Programu imehesabu vizuri zile zilizokwama na haijaziona zilizotoroka. Ongeza idadi ya nyutroni zinazofuatwa kuelekea pengo hilo, na utazame ramani ya mtiririko badala ya namba moja. Hesabu pia chembe zilizopotea: jiometria iliyobadilishwa kutoka mchoro wa kihandisi huacha nyufa zisizoonekana kati ya maumbo, na chembe ikiingia ufa huo hutoweka. Zikizidi chache sana kwa milioni, rudi kwenye jiometria.

Dalili yake ya jirani: chumba cha mabomba, makumi ya mita kutoka kwenye chombo, kinaonyesha dozi sifuri kinu kikiwaka. Hakuna nyutroni iliyofika huko, ni kweli. Maji yamefika. Nyutroni hizi zina nguvu ya kugeuza oksijeni ya maji kuwa nitrojeni-16, ambayo nusu-uhai wake ni sekunde 7.1 na mionzi yake ni mikali, megaelektroni-volti 6.13. Kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, maji husafiri mita 35 kabla nusu ya nitrojeni hiyo haijaisha. Chanzo kimesafiri ndani ya bomba. Modeli ya nyutroni lazima iunganishwe na modeli ya mtiririko wa maji.

Na kama dozi ya mafundi baada ya kuzima ni kubwa kuliko lengo la ITER kwenye nafasi za bandari, mikrosieverti 100 kwa saa baada ya siku 12 hivi, pitia kobalti. Chuma cha pua cha ITER kimewekewa kikomo cha asilimia 0.05. Ukichukua orodha ya chuma cha kawaida kutoka kwenye kitabu, kobalti-60, yenye nusu-uhai wa miaka 5.27, itakujazia chumba dozi ambayo haitakuwepo. Au kinyume chake: umeandika kikomo, kiwanda kimeleta kitu kingine, na hakuna aliyekuambia.

Dalili: kila modeli ni nzuri peke yake

Hii haionekani kwenye skrini yoyote. Januari 2022 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Ufaransa, ASN, haikutoa ruhusa ya kuendelea na hatua ya kuunganisha vipande vya chombo cha ITER. Miongoni mwa waliyoyauliza: ramani za mionzi ndani ya jengo, uzito unaobebwa na msingi, na uchomeleaji wa vipande ambavyo vipimo vyake vilitofautiana na michoro. Yatazame hayo kwa pamoja. Ramani za mionzi zikidai kinga zaidi, kinga ni zege na chuma, na zege na chuma ni uzito juu ya msingi ule ule. Aliyeiga nyutroni anaweza kupata jibu sahihi, aliyeiga msingi naye akapata sahihi, na kinga ya tani mamia ikawa kwenye faili la mmoja tu.

Kulinganisha programu mbili na kukuta zinakubaliana hakukuondolei dalili hii, kwa kuwa zote mbili huenda zimesoma mchoro mmoja wa zamani. Tiba ninayoitumia ni ya mkono. Mbele ya kila ripoti naweka ukurasa mmoja wenye tarehe ya mchoro uliotumika, ujazo wa chombo, kilo za maji, za vumbi na za tritiamu mwanzoni, na mahali kila kilo ilipo mwisho wa hesabu. Wa nyutroni anaujaza, wa ajali anaujaza, wa majengo anaujaza. Mwezi uliopita tuliziweka kurasa tatu mezani, na ujazo wa chumba kimoja cha mabomba ulikuwa namba tatu tofauti. Tukasimamisha hesabu zote, tukatuma mtu kutafuta mchoro wa mwisho uliotiwa saini, na asubuhi yake tukaanza upya.